Bibi Jalada Anajibu: Kitabu Changu, Jina la Mwingine

Mwezi huu barua zimekuja kwa mafungu, na nyingi zinauliza jambo lilelile: mtu kanunua kitabu kilichotumika, au kakirithi, kafungua akakuta ndani kuna mkono wa mtu mwingine. Jina, muhuri, mistari, nukta, gari lililochorwa na mtoto. Afanyeje? Nimeshona na kujalidi vitabu miaka 31. Siku hizi macho hayanipi ruhusa ya kutunga uzi kwenye sindano usiku, lakini kujibu barua bado naweza, na mengine nitakayoyasema hapa nimejifunza kwa kuharibu.

*Shikamoo Bibi Jalada. Nimenunua riwaya ya zamani, toleo la kwanza, jalada gumu. Iko safi kabisa isipokuwa ule ukurasa mtupu wa mwanzo, ambapo mtu ameandika kwa wino wa bluu: "Kwako mpenzi, usinisahau," akaweka jina na tarehe. Nakusudia kuiuza baadaye. Rafiki yangu anasema nipake makapeni juu ya maneno hayo, au nikate ukurasa kwa wembe kwa kuwa hauna maandishi ya kitabu. Thamani itarudi?*
Mnunuzi Mwenye Haraka

Marahaba mwanangu. Weka wembe chini kwanza, halafu tuzungumze.

Anayekusanya matoleo ya kwanza anakitaka kitabu kama kilivyotoka kwa mchapaji. Jina dogo la mtu asiyejulikana, kwenye ukurasa mtupu wa mbele, humpunguzia hamu kidogo. Likiwa kubwa, tena kwenye ukurasa wenye jina la kitabu lenyewe, humpunguzia zaidi. Lakini akikuta karatasi imekatwa, hukirudisha rafuni bila neno, maana hicho si kitabu kizima tena. Na hasara haiishii hapo. Katika kitabu cha kushonwa, karatasi huja mbili mbili: kipande kimoja kimekunjwa katikati na uzi umepita kwenye mkunjo. Ukikata karatasi ya huku, mwenzake wa kule anabaki ameshikiliwa na ukanda mwembamba tu, na siku moja msomaji atafungua kitabu kimwangukie mapajani. Nimewashona tena wengi wa namna hiyo. Ukipitisha kidole kwenye mkunjo unausikia ule ukingo wa wembe, mkali, hata kama aliyekata alikuwa fundi.

Makapeni ni mbaya zaidi. Wino wake hupenya, na kesho utaukuta ukurasa wa pili na wa tatu. Isitoshe, mnunuzi akiona mstatili mweusi mahali pa jina, la kwanza linalomjia ni kwamba kitabu kimeibwa.

Kuhusu kuutoa wino wenyewe: umeshaingia ndani ya nyuzi za karatasi, huwezi kuutoa bila kuzitoa nyuzi. Watu hujaribu dawa ya kuondolea madoa ya nguo. Doa linapauka, ndiyo, halafu baada ya miaka mahali hapo panakuwa pa manjano na panavunjika kama jani kavu. Kama ni kalamu ya biki, ncha yake imechimba mfereji kwenye karatasi, hivyo hata wino ukiondoka maneno yataendelea kusomeka.

Kwa hiyo acha. Siku ya kuuza, eleza wazi: maneno ya zawadi na jina la mmiliki wa awali, wino wa bluu, ukurasa mtupu wa mwanzo. Mnunuzi aliyeambiwa mapema hulalamika mara chache sana. Anayekasirika ni yule aliyegundua mwenyewe nyumbani. Mimi nisiyekusanya matoleo ya kwanza ningeinunua riwaya yako kwa ajili ya maneno hayohayo. Alisahauliwa, masikini. Kitabu si kiko kwako?

*Bibi, marehemu baba hakuacha penseli. Vitabu vyake vyote vina mistari na alama pambizoni, hadi kamusi. Tunataka kuvigawa, vingine kuviuza. Penseli si wino, inafutika. Nifute?*
Binti wa Msomaji

Poleni sana kwa msiba. Kabla sijakujibu nikusimulie la kwangu, na si la kujisifu.

Miaka mingi iliyopita mama mmoja aliniletea kamusi nene. Mgongo ulikuwa umeachia, mafungu matatu ya kurasa yananing'inia kwenye uzi mmoja. Alichotaka ni mgongo tu. Lakini nilikuwa bado na majivuno ya ujana, nilitaka kazi ikirudi kwa mwenyewe aseme "lo!" Nilipofungua ndani nikaona vinukta vya penseli kando ya maneno. Neno hili nukta moja, lile mbili, jingine nne. Nikaona ni uchafu. Nikachukua raba, nikaanzia A, na siku ya pili jioni nilikuwa nimeshafika K.

Yule mama akapita kuuliza kazi imefikia wapi. Hakuutazama mgongo. Alifungua katikati, akafungua mwanzo, akarudi katikati, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nukta za baba ziko wapi?"

Baba yake, kila alipotafuta neno, aliweka nukta kando yake. Akilitafuta tena baada ya kulisahau, anaongeza nyingine. Ilikuwa adhabu aliyojipangia mwenyewe. Watoto walikuwa wakimtania kwa nukta hizo, na baada ya kumzika walikuwa wakikaa na kamusi ile wakitafuta maneno yaliyomshinda.

Sikuwa na la kusema. Nilichokumbuka ni kwamba mzee alikuwa na mkono mzito. Nikazima taa ya juu, nikaleta taa ya mezani, nikailaza ubavuni mwa ukurasa mpaka mwanga ukawa unatambaa juu ya karatasi badala ya kuipiga kutoka juu. Vishimo vikaonekana, kila kimoja na kivuli chake. Kando ya neno "ithibati" tulihesabu saba. Nikajitolea kuzirudisha nukta zote kwa penseli, moja moja, palepale kwenye vishimo. Akakataa. Alisema zitakuwa zangu. Mgongo niliumaliza, malipo sikuchukua, na kuanzia L hadi Z kamusi ile ilibaki kama mzee alivyoiacha.

Basi jibu langu ni hili: vya kubaki kwenye familia usiviguse. Vya kuuza, vipitie kwanza ukurasa kwa ukurasa, na kila kilichoandikwa maneno kipige picha. Mistari mitupu iliyopigwa chini ya sentensi haina bei kwa mgeni, hiyo unaweza kuifuta. Lakini pale baba alipobishana na mwandishi, au alipoweka tarehe, au aliposahihisha kosa la chapa, pafikirie mara mbili. Kuna wanunuzi wanaotafuta mambo hayo hasa.

Wasomi pia wanayatafuta. Mwandishi Arthur Koestler aliwahi kukiita kitabu cha mwanafalaki Copernicus kuhusu mizunguko ya sayari, kile cha mwaka 1543, kitabu ambacho hakuna aliyekisoma. Mwaka 1970 mwanafalaki wa Marekani, Owen Gingerich, akiwa Edinburgh, alifungua nakala moja akakuta imejaa maandishi pambizoni toka mwanzo hadi mwisho. Mwenye nakala hiyo alikuwa Erasmus Reinhold, mwalimu wa hisabati na falaki wa karne ya 16. Gingerich akajiuliza: kama hakuna aliyekisoma, huyu je? Akatumia miaka kama 30 akifuatilia nakala za toleo la kwanza na la pili popote zilipo, akafikisha karibu 600, na kutokana na maandishi ya pambizoni akaonyesha nani alimfundisha nani, na nani alinakili hoja za nani. Wenye nakala hizo wangekuwa na raba kama yangu, asingekuwa na la kuonyesha.

Kama ni kufuta, tumia raba nyeupe ya plastiki, iliyo laini. Ile ya rangi ya waridi ina chembechembe zinazokwangua karatasi. Nawa mikono, laza ukurasa kwenye kitu kigumu, ushikilie kwa mkono mmoja, futa kutoka katikati kwenda nje kwa kuelekea upande mmoja. Ukirudisha mkono nyuma, karatasi inajikunja na kupasuka ukingoni. Jaribu kwanza kwenye alama ndogo. Vumbi la raba liondoe kwa brashi laini, wala usipanguse kwa kiganja, maana mafuta ya ngozi yanaupaka ule weusi kwenye ukurasa mzima. Na uhakikishe halibaki kwenye mkunjo wa katikati.

*Mambo Bibi! Nimemaliza chuo, nataka kuuza vitabu vya kiada. Nimepaka kalamu za kung'aa za njano na pinki karibu kila ukurasa. Nikisema "vina msaada wa ziada kwa mwanafunzi" ni uongo?*
Mhitimu

Ni uongo, na wewe unajua. Aliyepaka kila ukurasa hakuchagua chochote. Mtu anaweza kuvumilia sura mbili zilizopigwa mistari kwa akili; ukurasa wa njano mtupu unamchosha macho kabla hajaanza kusoma. Rangi hiyo haitoki. Ikipigwa jua hupauka, ikilowa huchuruzika. Uza kwa bei ya chini, piga picha ukurasa uliopakwa zaidi ya yote, umwonyeshe mnunuzi huo. Na salamu yako nimeipokea, ingawa kwa umri wangu nilitegemea nyingine.

*Bibi Jalada, nimeletewa kitabu cha historia chenye mihuri ya maktaba kwenye kurasa tatu, mfuko wa kadi ndani ya jalada la nyuma, na namba kwenye mgongo. Muuzaji anasema maktaba huuza vitabu vyake. Ni kweli, au nimenunua cha wizi?*
Mwenye Wasiwasi

Ni kweli huuza. Maktaba ikipata toleo jipya, au ikikosa nafasi, hupunguza. Kwa kawaida inayopunguza hugonga muhuri wa pili juu ya ule wa kwanza, au kando yake, wenye maneno ya kuonyesha kwamba kitabu kimeondolewa kwenye orodha. Tafuta huo, hasa kwenye ukurasa wa jina la kitabu na ndani ya jalada la mbele. Usipouona haina maana kwamba kimeibwa, kwa sababu wakutubi nao huchoka mchana. Lakini waandikie uwaulize. Nimewahi kufanya hivyo mara mbili. Mara moja walinijibu nibaki nacho, mara nyingine nikakirudisha.

Kinachonitia shaka mimi ni dalili za kuficha: muhuri uliokwanguliwa, kona iliyokatwa mahali pa namba. Anayefanya hivyo mara nyingi hajui kwamba maktaba nyingi zina ukurasa wao wa siri, namba ileile katikati ya kila kitabu, wanapogonga muhuri mdogo. Fungua ndani taratibu, utaukuta.

Kwa thamani, mkusanyaji atakikwepa, isipokuwa kiwe adimu kiasi kwamba kupata nakala nyingine yoyote ni bahati. Hapo muhuri hausumbui mtu. Kwa msomaji ni neema. Maktaba hujalidi kwa nguvu, na bei inakuwa nafuu. Mfuko wa kadi usiubandue, gundi yake itaondoka na ngozi ya karatasi. Na kama karatasi ya tarehe za kurudisha bado ipo, isome. Ninayo moja ambayo kitabu kiliazimwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kisha kikakaa miaka 14 bila kuguswa. Mpaka leo nafikiria mwezi ule kulikuwa na nini.

*Kitabu nilichouziwa kama kipya kina mstari mweusi wa makapeni kwenye kingo za chini za kurasa. Nimetapeliwa?*
Bila Jina

Ni masalio. Mchapishaji akiwa na nakala zisizouzika huzitoa kwa bei ya kutupa, na mstari huo huwekwa ili mtu asizirudishe akadai bei kamili. Kitabu hakijasomwa na hakina kasoro nyingine. Kama ulilipa bei kamili, hapo ndipo pa kulalamika.

*Shikamoo Bibi. Nina kitabu chenye sahihi ya mwandishi, lakini amekiandika kwa mtu mwingine: "Kwa fulani, kwa shukrani." Muuzaji mmoja anasema sahihi tupu ina bei zaidi, kwa hiyo jina la huyo fulani ni hasara. Mwingine anasema kinyume. Nimsikilize nani?*
Njia Panda

Marahaba. Wote wawili wanasema kweli nusu nusu. Kwa vitabu vya karibuni, wengi hupenda sahihi tupu, kwa kuwa kila mnunuzi anaweza kujifanya ni yeye aliyesainiwa. "Fulani" asiyejulikana anapunguza idadi ya wanunuzi. Lakini yana faida yake maneno hayo: sahihi tupu ni rahisi kughushi, sentensi nzima ni ngumu. Ukipata mwandiko wa mwandishi mahali pengine unaweza kulinganisha herufi kumi na mbili badala ya tatu. Chukua na kioo cha kukuzia: kama sahihi imejengwa kwa vitone vidogo sana vilivyopangana, hiyo imechapwa na mashine pamoja na kitabu, haikuandikwa na mtu.

Sasa mtafute huyo fulani. Akiwa alikuwa mhariri wa kitabu, au mwalimu wa mwandishi, au hasimu wake, bei itapanda kupita sahihi tupu yoyote. Swali siku zote ni jina hilo linahusiana vipi na kitabu hicho. Mfano mzuri ni nakala moja ya kazi zote za Shakespeare, chapa ya kawaida ambayo mtu yeyote angeweza kuinunua. Ilikuwa ya Sonny Venkatrathnam, mfungwa wa kisiasa wa Robben Island, gereza la kisiwani Afrika Kusini. Aliifunika kwa kadi za Diwali, sikukuu ya Wahindu, ili askari wadhani ni kitabu cha dini, kisha akaizungusha kwa wenzake, kila mmoja achague mistari anayoipenda na kuweka sahihi kando. Waliosaini walizidi 30. Nelson Mandela aliweka yake tarehe 16 Desemba 1977, kando ya maneno ya tamthilia ya Julius Caesar kwamba mwoga hufa mara nyingi kabla ya kufa kwake. Ni tamthilia ileile ambayo Nyerere alikuwa ameshaitia katika Kiswahili mwaka 1963. Mwaka 2012 nakala hiyo iliwekwa kwenye maonyesho ya British Museum, na watu hawakupanga foleni kuangalia chapa.

Chako sitegemei kitafika huko. Ila tafuta jina kabla hujakubali bei ya mtu.

*Bibi, baada ya yote haya, mimi niandike jina langu kwenye vitabu vyangu au nisiandike? Wanaoazima hawarudishi.*
Mwazimishaji

Andika. Hata mimi naandika. Kwa penseli laini, herufi ndogo, kona ya juu ndani ya jalada la mbele. Pamoja na mwaka, maana jina bila mwaka ni nusu ya habari. Wino uache, hata wa bei ghali. Selotepu usiilete karibu na karatasi: gundi yake huingia ndani na kugeuka rangi ya chai, na plastiki yenyewe huanguka ikaacha doa.

Ukitaka madoido, chapisha kibandiko cha jina na ukibandike kwa gundi ya wanga, ambayo fundi anaweza kuilainisha kwa maji baadaye. Ni desturi ya muda mrefu. Miongoni mwa vibandiko vya zamani kabisa vinavyojulikana kipo cha Ujerumani cha karne ya 15, cha kasisi aliyeitwa Igler. Jina hilo linatokana na kalunguyeye kwa lugha yao, basi akachorewa kalunguyeye mwenye ua mdomoni, na juu yake maneno ya kumtakia msomaji abusiwe na mnyama huyo. Sijui kama waliomwazima walirudisha, lakini angalau waliogopa.

Maoni marefu yaandikie daftari, au kikaratasi utakachokiweka ndani. Mwanahisabati Fermat, karibu mwaka 1637, aliandika pembeni mwa kitabu cha Diophantus, mwanahisabati wa Kigiriki wa kale, kwamba ana uthibitisho wa ajabu wa kanuni moja ya namba ila pambizo ni finyu. Mwanawe alizichapa nukuu zake mwaka 1670, nakala yenyewe ikapotea, na uthibitisho uliokamilika ukachapishwa mwaka 1995 na Andrew Wiles. Miaka zaidi ya 350, kwa kukosa daftari.

Na wanaoazima: chukua daftari hilohilo, andika jina la kitabu, jina la mtu na tarehe, mbele ya macho yake, tena polepole. Mimi humpa kalamu aandike mwenyewe.